Kwa Nini Mbuzi Hulia kwa Sauti ya Mtu

Weka ungo chini, Kalekye, wala usikimbilie mlangoni. Hakuna mtoto aliyeanguka huko nje. Ni mbuzi anamwita mwanawe, basi. Hukukosea peke yako. Hata sisi wenye mvi bado tunashtuka, tunainua vichwa, tunawatafuta watoto kwa macho kabla ya kukumbuka. Endeleeni kupukuchua mbaazi, nami niwaeleze mbuzi waliipata wapi sauti hiyo, kwa maana hawakuumbwa nayo.

Kulikuwa na wakati ambapo mbuzi walikuwa kimya. Walitafuna, walipiga chafya, lakini mlio hawakuwa nao. Zizi lao lilinyamaza kama shamba la mawe. Mama alimjua mwanawe kwa pua tu. Mwanambuzi alipozaliwa, mama alimlamba kuanzia masikioni hadi mkiani, na harufu aliyoionja siku hiyo ndiyo ilikuwa jina la mtoto. Kwa hiyo watu wa kwetu walikuwa na mwiko mmoja mkubwa wa ufugaji: mbuzi akizaa, mikono nyuma. Hakuna kumgusa mtoto mpaka mama amalize kumlamba.

Katika wakati huo aliishi mjane aliyeitwa Syombua, kwenye mteremko wa kilima kikavu, mahali ambapo moshi wa majirani ulionekana lakini mbwa wao hawakusikika. Mumewe alikuwa amekufa. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto, na mto ule ukijaa haukuvukika. Syombua alibaki na mbuzi wachache na chungu kimoja. Asubuhi aliwasalimu mbuzi, wakamtazama. Jioni aliwauliza walikoshinda, wakatafuna. Wapo watu wanaoishi peke yao wakauzoea upweke. Syombua hakuuzoea. Alipika kunde, akaonja, akasema kwa sauti, "Hazijaiva," kisha akanyamaza kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujibu.

Asubuhi moja ya mvua za kwanza, mbuzi wake mwenye doa jeupe pajani alizaa pacha. Wa kwanza alianguka penye majani makavu, mama akamgeukia. Wa pili aliteleza akaingia dimbwini, kwenye maji baridi, na mama, akiwa bado na kazi ya yule wa kwanza, hakumwona. Syombua alisimama, mikono nyuma. Alimtazama yule mtoto akitetemeka. Kisha akaona tetemeko likipungua, na hilo lilimtisha zaidi. Mwishowe mikono ilimshinda. Alimwinua, akampangusa utelezi wote kwa shuka yake, akamkumbatia kando ya meko hadi mwili ukapata joto.

Alipomrudisha, mama alimnusa. Alinusa moshi, akanusa jasho la mtu, akanusa kila kitu isipokuwa mwanawe. Akainamisha pembe, akamsukuma. Syombua akamsogeza tena. Mtoto akasukumwa tena, na safari hii akabingirika hadi kwenye miiba ya ua.

Basi Syombua akamchukua. Alimfunga mama mguu kwenye nguzo, akamkamua dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku ya kwanza, akachovya kidole na kukitia kinywani mwa mwanambuzi. Kinywa kilikuwa baridi. Kidole kilikaa humo bila kujibiwa. Akachovya tena, na tena, mpaka mgongo ukamuuma, ndipo ulimi ule mdogo ulipokizunguka kidole na kuvuta.

Muvea, mdogo wa marehemu mumewe, alipita hapo baada ya mvua kupungua. Alimkuta Syombua amempakata mwanambuzi kifuani.

"Shemeji, kumbe umejifungua!" alisema akicheka langoni. "Na hukutuita tukushangilie?"

"Karibu umwone. Amechukua masikio ya baba yake mdogo."

Muvea alijishika masikio, akacheka zaidi, kisha akaacha kucheka. "Lakini nikwambie kweli. Mikono yako imeshaingia. Huyo hatakuwa mbuzi, wala hatakuwa mtu. Mwache sasa, kabla hujampa jina."

"Nimeshampa."

"Anaitwa nani?"

"Sikwambii wewe."

Wala hakumwambia mtu mwingine, ndiyo maana hata sisi hatulijui.

Mwanambuzi alilala kando ya meko, akamfuata Syombua kila alikokwenda. Alipobaki nyuma, Syombua alimwita jina lake lile la siri, akilivuta mwishoni, jinsi mtu anavyoita kuvuka bonde. Naye mwanambuzi alisimama akautazama mdomo wake. Kila siku aliutazama.

Siku moja Syombua alikwenda kuchota maji kwenye kisima cha mchangani, akamwacha amefungwa mlangoni. Aliporudi, kabla hajalifikia lango, alisikia sauti kutoka nyumbani kwake. Ilikuwa nyembamba, imekwaruza, imevutwa mwishoni. Alidhani binti yake amekuja na mjukuu. Alikimbia, maji yakimwagika mgongoni. Hapakuwa na binti wala mjukuu. Mwanambuzi alikuwa amenyoosha shingo, akiita kama alivyoitwa. Syombua aliketi palepale kwenye vumbi. Tangu mumewe azikwe, hakuna aliyekuwa amemwita kutoka ndani ya ua wake.

Ikawa furaha katika nyumba ile. Huyu akiita, yule anaitika. Syombua aliacha kuutazama mto uliomtenga na binti yake.

Lakini mwanambuzi huyajua majani kwa kinywa cha mama yake. Anakula anachokula mama, anakiruka anachokiruka mama. Huyu hakuwa na kinywa cha kutazama isipokuwa cha mtu, na mtu hali majani ya porini. Wakati wake wa kula majani ulipofika, alikifuata kichaka kimoja chenye maua ya njano ambacho mbuzi wote hukizunguka kwa mbali, akala akashiba. Jioni tumbo lake lilikuwa limevimba kama ngoma, na miguu imekakamaa. Syombua alimnywesha mafuta, akamsugua ubavu bila kupumzika. Alipona, lakini alipona akiwa nusu ya alivyokuwa.

Muvea alipokuja safari hii hakutania.

"Kichaka kile kiko kila mahali, Shemeji. Utamfundishaje? Utakula majani mbele yake?"

"Nitakula."

"Na siku ukiugua?"

Syombua alimvuta mwanambuzi karibu yake.

"Anamhitaji mama yake," Muvea alisema.

"Mama yake hamtaki."

"Kwa pua hamtaki. Kwa sikio hatujui. Kila anapoita, wewe ndiye unayewahi kuitika."

Syombua alikaa na neno hilo. Lilikuwa neno baya kwa sababu lilikuwa kweli. Kesho yake mchana alimkamua yule mbuzi mwenye doa jeupe, akachanganya maziwa na chumvi, akampaka mwanambuzi mgongoni na mkiani. Akamwingiza zizini na kurudisha miiba. Kisha akaingia ndani, akaufunga mlango.

Mwanambuzi alisimama kwenye miiba iliyo karibu na nyumba, akaita.

Mbuzi wote walishtuka, wakajazana upande wa mbali. Akaita tena. Aliita kwa sauti ileile ya Syombua, kwa mvuto uleule wa mwishoni, na Syombua, ndani, aliuma pindo la shuka yake. Miaka yote alikuwa akingoja kuitwa. Sasa aliitwa, na kazi yake ilikuwa kunyamaza. Mkono ulienda kwenye mlango, akaurudisha. Sauti ikaanza kukatika. Mkono ukaenda tena.

Kule zizini, yule mbuzi mwenye doa jeupe aliinua kichwa. Kila sauti ilipotoka, maziwa yalimdondoka chuchuni yenyewe, yakatoboa vumbi, naye hakuelewa kwa nini. Alisogea. Aliinamisha pembe, akasita. Akaonja chumvi. Akalamba mgongo, akarudi nyuma, akalamba tena. Mwanambuzi akaita, sasa kwa udhaifu kabisa, akiwa ameuelekea mlango. Ndipo mama akafungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa kizito, chenye kutu, kama mlango uliofungwa miaka mingi. Lakini kilikuwa jibu.

Mwanambuzi aliipa nyumba mgongo. Akapiga magoti, akanyonya.

Kutoka kwa hao wawili mbuzi wengine walijifunza. Jua lilipokuwa likishuka, zizi zima lilikuwa linaitana, mama na mwana, mwana na mama, na Syombua aliketi kando ya meko yaliyozimika akisikiliza. Kila mmoja alikuwa na wake wa kumwita. Hakuna aliyemwita yeye.

Muvea alizisikia sauti hizo toka njiani, akaharakisha. Alisimama langoni. "Shemeji!" Kimya. Syombua alikuwa amejikaza asiitike, na sasa alikuwa amesahau jinsi ya kuitika. Muvea angeweza kuingia, lakini hakuingia. Aliita tena, safari hii kwa jina lake, lile ambalo mumewe alizoea kulitaja. "Syombua!" Akangoja. Akaita tena, akangoja.

"Naam," sauti ilisema hatimaye, kwa kukwaruza. "Nipo."

Na tangu siku hiyo mbuzi hulia kwa sauti ya mtu, tena ya mtu aliye peke yake, ndiyo maana inatuchoma hata tukiijua. Na tangu siku hiyo mwanambuzi akikataliwa tunampaka chumvi, na aliyemlea hujifungia ndani, asiitike. Jioni yake, jirani huenda hadi kwenye lango la mtu huyo. Haendi na zawadi, wala haingii. Humwita kwa jina lake, na hang'oki pale mpaka aitikiwe.