Goti la Zuwena

Kaeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza. Hapo zamani, katika mji mmoja wa reli, Sudi alifungua studio ya picha. Mji ukanuna. Wakasema picha hufukuza baraka nyumbani. Sudi akawa anasalimiwa shingo upande, na karamuni akawekewa sinia lake peke yake.

Siku zikageuka. Santuri zikaingia, suruali za bugaluu zikaingia, na mji uleule ukapanga foleni mlangoni kwa Sudi. Akaja Zuwena, fundi cherehani, amevaa gauni fupi aliloshona mwenyewe. Akaweka mguu juu ya kigoda, akacheka. Sudi akapiga. Picha ikatundikwa dirishani, na Sudi akala sinia moja na wakubwa wa mji.

Siku zikageuka tena. Gauni fupi likapigwa marufuku, na Mzee Kibwana, aliyekuwa wa kwanza katika ile foleni, akaja na kundi, jiwe mkononi. Jiwe likavunja kioo cha dirisha. Mchumba wa Zuwena naye akavunja uchumba. Sudi, kwa hofu, akaishika picha na kuwasha kiberiti.

"Bwana wee, zima hicho," akasema mkewe, Mgeni. Akachukua brashi na wino, akamvika Zuwena wa pichani kanga kutoka utosini hadi miguuni. Kicheko akakiacha.

Mji ukapita, ukatazama, ukaridhika. "Huyu ndiye mwanamke wa heshima," akasema Mzee Kibwana. Zuwena mwenyewe akipita, hakuna aliyemsalimia.

Siku zikageuka, kama kawaida yake. Wino ukaanza kubanduka, goti la Zuwena likachungulia kwenye kanga. Vijana wakaja na simu zao, wageni wakaja kutoka mbali, wote wakasema picha kama hii hawajapata kuiona. Mji ukajenga ukumbi wa kuitundika, na chini yake kibao chenye nafasi ya jina moja tu. Sudi akaachiwa aamue. Alikuwa mzee sasa, na nafasi ile aliitamani kuliko masinia yote aliyowahi kukaribishwa.

"Niliyepiga ni mimi," akasema.

"Na uliyetaka kuichoma ni wewe, mume wangu," akasema Mgeni. "Wanachokuja kutazama ni wino wangu."

"Gauni langu, goti langu, kicheko changu," akasema Zuwena. "Na aliyekosa mume kwa ajili yake ni mimi."

Mzee Kibwana akakohoa. "Bila jiwe langu, huo wino ungetoka wapi?"

Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, wakaanza kufikiri.

Mwandika vibao alikuwa amesimama, brashi imelowa rangi. Sudi akafungua kinywa alitaje jina lake. Akamtazama mkewe, akamtazama Zuwena, akaona haya, akakifunga.

Haya, rangi inakauka. Ungekuwa wewe Sudi, ungesema liandikwe jina la nani?