Sinia la Bi Mwanamkuu

Hapo zamani, watoto wangu, vita vya nchi za mbali vilipofika hata kwenye bahari yetu, meli moja ya mizigo ilikuwa ikirudi Tanga na shehena ya mchele. Nahodha akawaonya mabaharia: "Adui yuko chini ya maji, ndani ya nyambizi. Mchana tusitoe moshi mweusi. Mchana tusitupe taka. Na atakayeona chochote, apige kelele."

Adhuhuri moja kombora likaipasua meli. Wote waliokolewa, isipokuwa Mshamu, mtoto wa pekee wa Bi Mwanamkuu.

Wenzake watatu wakaja matangani, wakaketi jamvini. Bi Mwanamkuu akatoka na sinia la wali. Akawatazama mmoja mmoja. Hakulitua.

"Wanangu, kuna aliyemwonyesha adui njia. Huyo hatakula kwangu. Ni nani?"

Mwinyikai, mpishi, akawahi kunyoosha kidole. "Muulize Shebwana, mchochea tanuri! Moshi wake ulikuwa mweusi kama kaniki."

"Na maganda yako ya viazi je?" akajibu Shebwana. "Uliyamwaga mchana kweupe, yakatufuata nyuma kama bata!"

"Ndoo ilikuwa inanuka! Ungeweza kula jikoni mwangu, wewe?"

Wakamgeukia wa tatu. "Na wewe Bakathiri, mlinzi wa mlingotini, mbona kimya?"

"Niliona kitu chembamba kimesimama majini, kama mpini wa mwiko; sasa najua ilikuwa darubini ya nyambizi," akasema Bakathiri. "Lakini jana yake nilipiga kelele, kumbe nyangumi. Mkanicheka. Mkaniita Bwana Nyangumi. Basi safari hii nikasema, ngoja nitazame vizuri kwanza."

Bi Mwanamkuu akamrudia mchochea tanuri. "Shebwana, mbona unakwepa macho yangu?"

"Mama, ni Mshamu aliyeniomba nizidishe makaa. Alisema, 'Kaka, nifikishe kwa mama kabla ya Idi.'"

"Unamsingizia maiti!" akafoka Mwinyikai.

"Wallahi, mama, ndivyo alivyosema."

 Hakuna aliyethubutu kumpokea mama sinia.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, Bi Mwanamkuu bado amesimama, na wali unapoa. Amnyime nani: wa moshi, wa maganda, au aliyeona akanyamaza? Au alitue sinia, wote wale? Niambieni: nani aliyemzamisha Mshamu?