Manjano Mgongoni mwa Rahimdadi

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Gujarati, huko Bara Hindi, aliishi mfanyabiashara mcha Mungu aliyeitwa Isaji. Alianza kwa kuuza nyuzi karibu na mlango wa msikiti. Mola akambariki, akawa anawanunulia wafumaji maskini mitambo ya kufumia na kugawana nao faida, hata karibu kila nyumba mjini ikawa inakula kwa mtaji wake.

Alipenda pia mieleka. Aliwajengea vijana uwanja, akawalisha maziwa na lozi, akawakataza kamari. Mmoja wao, Rahimdadi, alikuwa yatima aliyelelewa nyumbani kwake tangu hajaota meno. Isaji na mkewe, Bi Rehmatbai, hawakujaliwa mtoto mwingine.

Mwaka mmoja Nawabu, mtawala wa nchi ile, alitangaza shindano baina ya mji wao na mji jirani. Mji utakaoshinda ndio utakaopewa gulio la nguo la kila mwaka. Hapo Isaji alikosea. Kwa kumwamini mno kijana wake, alijenga maghala ya gulio hilo kabla ya shindano, akatia humo mali yake yote.

Siku ikafika. Uwanja wa mieleka huko ni shimo la udongo laini uliochanganywa na mafuta na manjano. Mtu akibanwa chini, mabega yote mawili yakagusa udongo, ameshindwa. Mpinzani alipoingia, mnene, kitambi mbele, mfumaji mmoja alipaza sauti, "Huyo asitafutiwe mpinzani, atafutiwe mkokoteni!" Watu wakacheka sana.

Wakakamatana kwa muda mrefu. Mara wakaanguka pamoja, na mwili ule mkubwa ukamziba mwamuzi asione kitu. Kufumba na kufumbua, Rahimdadi alikuwa juu, mpinzani chali. Mwamuzi akainua mkono wa Rahimdadi.

"Nilimbana kwanza! Mabega yake yaligusa!" alilia yule mnene.

"Nenda kale!" wakamjibu wenyeji.

Walimfunika Rahimdadi shali jeupe wakambeba hadi kwenye hema la Isaji, kwa kuwa ilikuwa desturi yao mlezi ampanguse mshindi mgongo kwa mkono wake mwenyewe. Isaji akampangusa. Shali likatoka na madoa mawili ya manjano, moja la kila bega.

Akalikunja upesi.

Nawabu alikuwa atangaze hukumu yake baada ya sala ya alasiri. Isaji akaenda kutawadha. Alisugua vidole mara ya kwanza, akasugua tena, na manjano hayakutoka. Alisimama kwenye safu na wenzake, lakini imamu alipotoa takbiri, ulimi wake ulikuwa mzito. Alipomaliza kuswali, akarudi hemani.

"Mwanangu, mabega yako yaligusa udongo," alisema.

Rahimdadi akainamisha kichwa. "Mwamuzi hakuona, Baba."

"Mimi nimeona."

"Basi fumba jicho lako leo tu! Mji mzima unaimba jina lako. Wafumaji wako watakula nini? Na mimi nitapita wapi?"

"Sijui, mwanangu. Wallahi sijui."

"Ungekuwa umenizaa, usingenifanyia hivi."

Maneno hayo yalimchoma Isaji kuliko yote aliyoyasikia maishani. Hata hivyo alitoka, akalikunjua shali mbele ya Nawabu, akasema, "Bwana wangu, ushindi si wetu." Nawabu akaupa mji jirani gulio lile.

Msidhani kwamba watu walimsifu. Maghala yalibaki matupu, mitambo ikauzwa, na wafumaji wengi wakahama na watoto wao. Waliobaki walikuwa wakivuka njia wasimpe salamu. Yule mfumaji aliyechekesha watu uwanjani alimwambia usoni, "Peponi utaingia wewe, njaa umetuachia sisi."

Rahimdadi aliondoka na msafara bila kuaga. Shali nalo halikuonekana tena, na Isaji akaamini kwamba kijana amelichoma kwa hasira.

Miaka ikapita. Isaji alirudi kuuza nyuzi pale pale karibu na mlango wa msikiti. Kila msimu wa mieleka alichimbua shimo la uwanja kwa jembe lake, akachanganya udongo kwa kiasi cha mafuta alichoweza kununua, ili watoto wapate pa kuchezea.

"Unajuta?" Bi Rehmatbai alimuuliza siku moja.

"Kwa lile neno, sijuti. Kwa mtoto, najuta kila nikiamka."

"Nami pia," alisema mkewe, akaendelea kuchambua dengu.

Ndipo siku moja akafika msafiri, akauliza nyumba ya Isaji. Alisema Rahimdadi amefariki kwa homa katika mji wa mbali, na kwamba huko alikuwa mwamuzi wa mieleka. Hakuwahi kumtangaza mshindi kabla ya kuwapangusa wote wawili migongo.

"Watu walimtania, wakimwita dobi," alisema msafiri. "Yeye alicheka tu. Alinipa hili nikuletee. Alisema, mwambie Baba sikulifua."

Lilikuwa lile shali, na madoa mawili yamefifia. Isaji alijifunika nalo usoni, na mkewe akashika ncha ya pili. Wakalia hivyo, shali moja kati yao, mpaka muadhini akaadhini.

Mola awarehemu wote watatu. Tunawafundisha watoto wetu kwamba mkweli hulipwa, na ni haki tuwafundishe. Lakini tusiwafiche kwamba Isaji alisema kweli mchana mmoja, akaibeba umri mzima, na msamaha wa mwanawe ulipomfikia, mwanawe mwenyewe alikuwa ameshazikwa.