Pini Ngumu ya Shigela

Ndugu zangu, hii isomeni mpaka mwisho ndipo muitume kwingine, maana wengine mna haraka kama mnafukuzwa.

Mwenye mgodi mmoja wa dhahabu, Mzee Luhende, alihitaji pini mpya ya kushikia lifti inayowateremsha wachimbaji shimoni. Akawaita wahandisi wawili wa karakana moja, Kabula na Shigela. "Kila mmoja aniletee yake. Nataka chuma kigumu, kigumu kwelikweli. Kesho asubuhi watu wanashuka."

Karakana hiyo haikufua chuma. Iliyeyusha unga wa chuma kwa moto mkali wa umeme uitwao plazma na kuurusha kama manyunyu, tabaka juu ya tabaka, mpaka kifaa kizima kikapatikana. Humo huchanganywa vumbi la kauri, laini kuliko poda, ili chuma kikaze.

Kabula alitia kidogo. Alijua likizidi hufanya mabonge mle ndani, kama uji uliokorogwa kivivu, na hapo kwenye bonge ndipo chuma hupasukia. Shigela yeye alimimina tu.

Asubuhi Mzee Luhende akachukua tupa. Pini ya Kabula ikachubuka. Ya Shigela, wapi! Tupa iliteleza, haikuacha hata alama.

"Hii ndiyo ngumu. Fungeni hii."

Kabula akasogea mbele. Ngasa, mdogo wake, alikuwa zamu ya kwanza kushuka.

"Mzee, unataka ngumu au imara?"

"Kwani si kitu kilekile?"

"Dada, yaishe," Shigela akacheka. "Asiyekubali kushindwa si mshindani."

Kabula aliibana pini yake kwenye jiliwa, akaipiga nyundo kwa nguvu zake zote. Ikapinda kidogo, haikukatika.

"Imepinda hiyo," Mzee Luhende akaguna.

Kabula akaitoa, akaibana ya Shigela. Akainua nyundo.

"Usipige!" Shigela akaruka, akamdaka mkono. "Itavunjika!"

Shigela akajiziba mdomo, lakini neno lilishatoka.

"Itavunjika?" Mzee Luhende akamgeukia. "Pini unaionea huruma kwa nyundo moja, wale watoto wa watu ndani ya lifti je?"

Shigela akainamisha kichwa. Ikatengenezwa pini nyingine kwa kipimo cha vumbi cha Kabula, na kina Ngasa wakashuka mchana, wamechelewa, wakiwa wazima.

Funzo: Si kila kigumu ni imara. Na kitu unachoogopa kijaribiwe mbele yako, usiwape wenzako wakitundikie roho zao.