Simbilisi Tisa wa Eeddo Saynab

Kanda la usufi huwa jepesi sana likiwa kichwani pa mtu mwingine. Ndivyo inavyotufunza methali isemayo mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: taabu usiyoibeba wewe huiona mchezo, ukamcheka anayetweta chini yake. Keynan alikuwa ameisoma shuleni, akaipatia alama zote katika mtihani, kisha akaisahau.

Keynan alikuwa dalali wa ngamia katika soko la mifugo la Garissa. Ulimi wake ulikuwa mkali kama wembe mpya, na kwa ulimi huo alipata riziki yake. Mwaka wa 1995, jirani yake wa mtaa wa Waberi, mfuaji nguo Saynab, ambaye mtaa mzima ulimwita Eeddo, yaani shangazi, alileta nyumbani sanduku la mbao lenye viumbe tisa. Walikuwa simbilisi: wakubwa kuliko panya, wadogo kuliko sungura, na mkia hawana hata wa kuazima. Muuguzi mmoja wa kigeni aliyekuwa akiwafuga alimaliza kazi yake, akapanda ndege na kuwaacha. Mlinzi wa lango lake alikuwa njiani kwenda kuwamwaga katika Mto Tana, Saynab akamnyang'anya sanduku.

Tangu hapo, kila asubuhi Keynan alimwona mama huyo akitoka mtoni na tita la majani mabichi, jasho likimchuruzika.

"Eeddo, unawakama saa ngapi?" alimwuliza mbele ya wanywaji chai kibandani. "Na ukimchinja mmoja tutagawana vipi, kila mtu unyoya?"

Kibanda kikaangua kicheko. Saynab akatua tita lake.

"Cheka tu, waryaa, kijana wee. Dada yangu yu hoi kule Lafey. Lori linaondoka Ijumaa baada ya swala, nami siwezi kulipanda kabla hawa hawajapata nyumba. Tena nataka kila atakayewachukua awe na mdhamini, kama mnavyofanya nyinyi sokoni. Sitaki waishie sufuriani."

"Hilo tu?" Keynan akasema. "Mimi nimechunga ngamia kule Hadado tangu sijaota magego! Nipe hao panya wako. Ijumaa ikifika na akabaki hata mmoja asiye na kwake, wallahi, nisisimame tena kumdhamini muuzaji yeyote!"

Watu wote wakageuka kumtazama. Katika soko lile hakuna aliyenunua mnyama bila mtu wa kuapa kwamba hakuibwa, na Keynan aliishi kwa kuapa huko. Ogle, rafiki yake wa kufa na kuzikana, akaweka kikombe chini.

"Umeapa, ndugu yangu. Tumesikia sote."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne Keynan aliwatupia simbilisi matumba makavu ya mgunga, maji asiwape. Ngamia hukaa siku nyingi bila kunywa, aliwaza. Itakuwaje mnyama wa kutosha kiganjani adai maji kila siku? Akaliacha sanduku uani kwake, akaenda zake sokoni. Aliporudi adhuhuri, jua likichoma kama pasi, aliwakuta wamejilaza kama matambara, na jike mmoja akihema kwa shida. Keynan alivua kikoi chake kipya, akakichovya ndooni na kuwafunika. Akachutama kivulini na kaptura tu, akimdondoshea yule jike maji tone kwa tone huku akiwapepea kwa sinia.

Ogle akatokea mlangoni. "Mteja wa Wajir anakungoja na ngamia wake."

"Angoje."

"Wewe unampepea panya?"

"Ogle, nyamaza au shika sinia."

Wote tisa wakapona, ingawa yule jike alibaki dhaifu. Jumatano Keynan akaanza kubisha milango.

"Wana maziwa?" watu walimwuliza.

"Hawana."

"Wanabeba mizigo?"

"Mizigo ni wao wenyewe."

Dalali aliyewahi kumsifia ngamia mwenye chongo hadi akagombaniwa, sasa alikosa sifa ya kumpa mnyama mwenye macho mawili. Jua lilipokaribia kutua, Daud, mkulima wa ndizi kando ya mto, alikubali wanne, kwa kuwa majani na kivuli alikuwa navyo tele. Kesho yake mwalimu Jawahir akachukua wengine wanne wa kufugwa shuleni. Kila mmoja alileta mdhamini. Yule jike dhaifu hakuna aliyemtaka, isipokuwa mpishi mmoja mgeni aliyemtazama kwa tabasamu la njaa.

"Utamlisha nini?" Keynan akamwuliza.

"Kitunguu na nyanya," mpishi akajibu.

"Mpe," Ogle akanong'ona. "Kiapo chako kitatimia, na Eeddo atakuwa Lafey. Nani atajua?"

Keynan alimtazama yule jike, akafunga kifuniko cha sanduku.

Ijumaa, lori likinguruma tayari, alimfikia Saynab mbele ya abiria wote.

"Wanane wana kwao. Huyu nimeshindwa kumpatia mtu, nimempa nyumba yangu. Kama kiapo changu kimevunjika, sema, nami sokoni sitadhamini tena. Na vicheko vyangu, Eeddo, unisamehe."

Saynab alimkagua mnyama masikio, macho na kucha.

"Uliapa asikose kwake. Ana kwake?"

"Anako."

"Basi hujavunja kitu. Majani mabichi kila asubuhi, maji asubuhi na adhuhuri, na kivuli kikihama, mhamishe naye."

Akapanda lori, akaenda kwa dada yake. Keynan alibaki barabarani shingo imeinama, sanduku mikononi: ndani yake jike, kopo la maji na tita la majani mabichi.

"Mnyama mmoja tu!" Ogle akacheka. "Ndiye wa kukuinamisha shingo hivyo?"

 Keynan alimtwika Ogle sanduku kichwani, wakashika njia. Hatua mia hazijaisha, Ogle akasimama, shingo imekakamaa na maji ya kopo yakimtiririka mgongoni, akauliza kama Waberi imehamishwa. Hakika, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.