Kesi ya Maji ya Machinjio

Sikilizeni kisa hiki, kisha mnisaidie, maana mimi mwenyewe kimenishinda.

Mtaa wa Mwakasela walikuwapo majirani watatu waliochota maji kijito kimoja. Nyamizi, mama ntilie, hakutupa karatasi. Hata risiti ya kibiriti aliitunza. Shigela, fundi baiskeli, alikuwa mchache wa maneno, lakini alichokisikia mara moja hakikumtoka. Kabula aliosha utumbo machinjioni. Huyu hakuweza kusema uongo, na ndiyo maana mara nyingi alinyamaza.

Machinjio yalikuwa ya Lubeleje, juu ya kijito. Damu, kinyesi na manyoya vyote aliviachia maji. Ukichota ndoo, juu yanaelea mafuta, na harufu inabaki mkononi hata ukinawa kwa sabuni. Wajukuu wa Nyamizi waliharisha wiki nzima. Bibi yao alipokwenda kulalamika, Lubeleje alimpelekea kichwa cha mbuzi, kama anayemnyamazisha mbwa. Nyamizi alikifukia. Yeye na Shigela wakafungua kesi. Kabula alikataa kuingia. Aliogopa kuipoteza kazi yake.

Kabla ya siku ya kusikilizwa, karani wa Lubeleje aliwaletea kikaratasi kwamba kesi imesogezwa hadi Alhamisi. Wakakaa nyumbani. Jumanne, siku ileile ya awali, kesi iliitwa, walalamikaji hawapo, ikafutwa. Nyamizi aliambiwa mahakamani kwamba inaweza kurejeshwa, mradi aombe ndani ya siku thelathini na aonyeshe sababu ya kutofika. Alifungua mfuko wake wa nailoni akatoa kile kikaratasi, na sahihi ya karani chini. Hakimu alikisoma mara mbili, akairejesha kesi.

Ikaja aibu nyingine. Wakili wa Lubeleje alisimama akitabasamu, akasema machinjio yameandikishwa kwa jina la kampuni, na aliyeshtakiwa siye. Nyamizi alitaka kuiacha kesi palepale. Shigela akamshika mkono. Miezi yote ile ya kusubiri kwenye benchi alikuwa akisikiliza kesi za watu wengine, na aliwaona walioondoa kesi bila kuomba ruhusa wakifungiwa mlango moja kwa moja.

“Mheshimiwa,” alisema, “tunaomba kuiondoa, na tunaomba ruhusa ya kuifungua upya.”

Wakapewa.

Kesi mpya, sasa dhidi ya kampuni, haikuwa na shahidi wa ndani. Ndipo Kabula alipofika kwa Nyamizi, akiwa amechelewa miaka mitatu, akaomba jina lake liongezwe kwa walalamikaji. Kizimbani alieleza kila kilichomwagwa, na kwamba ndoo nyingine alizimwaga kwa mikono yake. Wakili akasema maji yale ni safi. Kabula aliweka chupa ya maji ya kijito mbele yake.

“Basi kunywa, baba.”

Wakili aliisogeza kwa ncha ya kalamu. Jioni hiyo Kabula hakuwa na kazi tena.

Hakimu aliamuru umwagaji ukome, na kampuni ya Lubeleje ichimbe kisima kirefu katika ua wa mlalamikaji mmoja, watakayemchagua wenyewe.

Hapo ndipo panaponishinda. Nyamizi alisema bila karatasi yake kesi ingekufa mwanzoni. Shigela alisema ingekufa katikati, na safari hiyo isingefufuka. Kabula alisema wao walikuwa na kesi tu, ushahidi ulikuwa wake, na ndiye aliyepoteza riziki. Nyamizi akamjibu kwamba riziki hiyo ndiyo iliyowadhuru wajukuu wake. Watu waliosimama pamoja mbele ya hakimu wakaanza kutupiana matusi barabarani, huku Lubeleje ameketi kwenye kiti cha plastiki, anatafuna nyama choma na kufuta mafuta kidevuni, anawatazama kama mchezo wa mpira.

Mashine ya kuchimba imefika. Dereva amezima injini na anauliza aingie ua upi.

Haya, ninyi mlionisikiliza: mngemwonyesha lango la nani?