Zumari Lililonyamaza

Hapo zamani, sogeeni jamani, zamani za sinema, palikuwa na mtunzi wa muziki mjini Paris, Gaspard Mérel. Alitunga simfonia, watu wakasinzia. Akatunga nyingine, wakapiga miayo. Tumbo nalo halishibi simfonia, akaenda kutunga muziki wa filamu. Wenzake wakamcheka: "Gaspard siku hizi anauza vitumbua!" Iliuma, akameza. Maishani alitaka kitu kimoja tu: asimame mbele yao na tuzo mkononi.

Ikaja filamu ya mama anayemuaga mwanawe stesheni. Gaspard mwenyewe aliachwa hivyo utotoni. Akautoa wimbo moyoni hasa, akampa mpiga zumari, Mzee Firmin.

Sasa, desturi ya kurekodi ni hii: filamu huoneshwa ukutani, kiongozi wa muziki huitazama, wapigaji huipa mgongo. Mzee Firmin, na udadisi wake, akageuka! Akamwona yule mama anapunga mkono. Pumzi ikamkata, zumari likanyamaza katikati ya wimbo. Liliporudi, lilitetemeka.

"Umeniharibia!" Gaspard akafoka. Wakarudia, ikatoka safi.

Lakini Solange, fundi wa kukata na kuunga filamu, alizisikiliza rekodi zote mbili. Akaiacha safi, akaweka ile mbovu, wala hakumwambia mtu. Loo! Sinema nzima ililia, na kilio kilianza palepale zumari liliponyamaza.

Tuzo ya muziki bora ikatangazwa: Gaspard Mérel! Mvi zimemjaa, maskini, na waliomcheka wamesimama wanapiga makofi. Kabla hajapanda jukwaani, Firmin akamshika mkono.

"Mwalimu, wimbo ni wako. Lakini kilichowaliza ni pumzi yangu."

"Pumzi mliyoitupa nyote wawili," akasema Solange, aliyeketi kando yao. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nani aliinama akaiokota?"

"Bila wimbo wangu mngenyamazisha nini? Mngeokota nini?" Gaspard akajibu. "Mchumia juani hulia kivulini. Nimechoka na jua, wenzangu. Niachieni kivuli hiki kimoja."

Akapanda. Akapewa tuzo, nzito kweli. Akasogea kwenye kipaza sauti ataje anayeistahili. Akawaona wale wawili wamesimama chini, wanamtazama. Pumzi ikamkata, akanyamaza, na ukumbi mzima ukaanza kulia.

Haya, ninyi hodari wa kuhukumu, msiangaliane: kinywa kile kilipofunguka tena, kilipaswa kutaja jina la nani?